Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Kukinga Chuma, Bati na Kuta za Pwani

Barua nyingi zilizotufikia tangu masika yalipomalizika zinazungumzia jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni rangi iliyopakwa kwa gharama kubwa ikaharibika mapema. Tumechagua sita, tatu kutoka Unguja na tatu kutoka Pemba, na tumezifupisha bila ya kubadilisha maana. Barua ya mwanzo tumeipa nafasi kubwa kuliko nyengine, kwa kuwa mengi ya yaliyomo katika jibu lake yanawahusu wasomaji wote wanaoishi karibu na bahari.

Geti limevimba malengelenge kabla ya mwaka kwisha

*Assalamu alaykum. Nyumba yangu ipo Jambiani, si mbali na ufuo. Mwaka jana nilitengenezesha geti na grili za madirisha. Fundi wa kuchomea aliniletea vitu hivyo vikiwa vimeshapakwa redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya chini, kisha fundi wa rangi akaongeza mikono miwili ya rangi nyeusi ya mafuta. Mwaka haujatimia, na rangi imevimba malengelenge ambayo ukiyabonyeza yanatoa maji ya kutu. Fundi ananishauri ninunue rangi ya bei kubwa zaidi. Je, tatizo ni rangi kweli? Msomaji wa Jambiani.*

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yetu. Kabla ya kutoa fedha kwa kopo jengine, chukua kisu butu, nyanyua ganda moja la rangi lililovimba, ligeuze na uliangalie mgongoni penye mwanga wa kutosha. Ukiona unga wa kutu umeshikamana na redi oksaidi, elewa kwamba kutu ilianza chini ya rangi, na huenda ilikuwapo tangu siku ya kupaka. Ukiona mgongo wa ganda ni laini na chuma kilichobaki kina weusi wa kibuluu unaong'aa, basi rangi ilipakwa juu ya gamba ambalo chuma hutoka nalo kiwandani. Gamba hilo huonekana gumu, lakini hupasuka na kubanduka lenyewe, na likibanduka huondoka na rangi yote iliyo juu yake. Malengelenge yenye maji ndani, kama unavyoyaeleza, mara nyingi ni dalili ya jambo la tatu, nalo ni chumvi iliyofungiwa chini ya rangi.

Hili la chumvi ndilo ningependa lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi za rangi katika pwani zetu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapofikia kiasi cha asilimia 75, na hewa ya visiwa vyetu hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka. Rangi nayo, hata ikiwa ya bei kubwa, haizuii unyevu kabisa; huupitisha polepole. Ikiwa chini yake kuna chembe za chumvi ambazo upepo ulizileta usiku kabla ya fundi kuanza kazi, chembe hizo huvuta unyevu kupitia rangi, maji hujikusanya, rangi huinuka, na kutu huendelea kula chuma humo ndani bila ya kuonekana. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba rangi ya bei kubwa iliyopakwa juu ya chumvi itavimba vilevile.

Ukali wa hewa ya bahari si dhana tu. Katika mpangilio wa kimataifa wa ISO 9223, unaoigawa hewa kwa madaraja ya ukali wake wa kula chuma, sehemu za pwani zenye chumvi nyingi huingia daraja la C5, ambamo chuma kisichokingwa hupoteza kati ya mikroni 80 na 200 za unene wake katika mwaka wa kwanza, ilhali katika daraja la C2 la hewa isiyo kali hupoteza mikroni 1.3 hadi 25 tu. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bomba la mraba lenye unene wa milimita moja na nusu halina akiba kubwa ya kupoteza kwa kasi hiyo, hasa pale linapoliwa kwa nje na kwa ndani kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe nashauri ifanywe kwa utaratibu ufuatao. Kwanza osha geti lote kwa maji na sabuni ya unga ili kuondoa mafuta na vumbi, kwa sababu ukianza na brashi ya waya unayasugua mafuta na kuyaingiza ndani ya mikwaruzo. Suuza. Baada ya hapo kwangua rangi yote iliyolegea na kutu yote yenye magamba, kwa kikwangulio, brashi ya waya na msasa mkavu, mpaka ubaki na chuma kilicho wazi au rangi ya zamani iliyoshika kwa nguvu. Kingo za rangi iliyobaki zilainishwe kwa msasa zisiache ngazi. Pale alipochomea fundi, gonga na uondoe matone ya chuma na gamba la kuchomea, kwani hapo ndipo kutu huanza mapema zaidi. Kisha osha tena kwa maji matamu, na hatua hii ya pili ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka. Kutu iliyokuwa imefunika chumvi imeshaondolewa, hivyo chumvi iliyokuwa ndani ya vishimo sasa inafikika na inaweza kuoshwa.

Hapa msomaji wa Jambiani aangalie jambo moja. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvichumvi, na kuosha geti kwa maji hayo ni kuirejesha chumvi uliyoiondoa. Tumia maji ya mvua uliyoyahifadhi au maji ya bomba ambayo ukiyaonja hayana chumvi. Ndoo chache zinatosha kwa geti moja, mradi umimine kuanzia juu na usiache madimbwi kwenye pembe.

Chuma kikikauka kipakwe praima, yaani rangi ya chini, siku hiyohiyo. Ukikiacha kilale usiku, kitapata umande na chumvi nyengine, na asubuhi utakikuta na utando wa kutu wa rangi ya chungwa. Saa nzuri za kupaka ni kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, hadi saa nane mchana au saa tisa alasiri, ili rangi ipate kukauka kabla ya jua kuzama. Wanaopaka rangi za viwandani hawaanzi kazi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, wala joto la chuma lisipozidi kile kiwango ambacho umande huanza kutua kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Nyumbani hatuna vipimo hivyo, lakini pitisha kiganja juu ya chuma; kikiwa baridi na chenye unyevunyevu, subiri. Kikiwa kimepigwa na jua hata huwezi kukishika, pia subiri au hamia upande wa kivuli, kwani rangi itakauka juu kabla ya chini na kutoa vipovu.

Redi oksaidi ya kawaida inafaa, lakini iwe halisi, isiyochanganywa na petroli ili iongezeke. Mafundi wengi wa kuchomea hupaka mkono mmoja mwepesi ili geti lionekane limekamilika wakati wa kulikabidhi, wala hawaondoi mafuta wala lile gamba la kiwandani. Ukiagiza geti jipya, mwambie fundi akuletee likiwa tupu, ulisafishe na kulipaka mwenyewe au kwa usimamizi wako. Fahamu pia kwamba redi oksaidi ni rangi ya chini tu. Haizuii maji kwa muda mrefu, hivyo geti lililoachwa na wekundu wake msimu mzima wa mvua linahitaji kukwanguliwa upya.

Kabla ya kupaka geti zima, pitisha brashi yenye praima kwenye kingo zote, kona, matundu, bawaba na mistari ya kuchomea, uache ikauke, ndipo upake mkono kamili. Rangi inapokauka hujivuta na kukimbia kingo, kwa hiyo ukingo mkali hubaki na utando mwembamba kuliko uso bapa, na ndiyo maana kutu ya grili karibu kila mara huanzia pembeni. Mikono miwili ya praima na miwili ya rangi ya juu ndiyo ningeiona kuwa ya chini kabisa kwa nyumba ya ufuoni. Mkono mmoja wa rangi ya mafuta ukikauka huacha kiasi cha mikroni 30 hadi 40, na ukizidisha thina unaweza kubaki na nusu ya hapo hata kama jicho linaona rangi imefunika vizuri. Kiasi cha thina kinachoruhusiwa huandikwa kwenye kopo, na kwa kupaka kwa brashi huwa ni kidogo sana.

Upo mfumo imara zaidi, wa praima ya epoksi yenye zinki au zinki fosfeti, epoksi ya kati, na rangi ya poliyurethani juu yake, ambao katika mazingira makali hujengwa hadi mikroni 200 na zaidi. Epoksi peke yake isiachwe juani, kwani hugeuka unga. Na isipakwe juu ya rangi ya mafuta ya zamani, kwani vimumunyisho vyake vikali huinyanyua na kuikunja. Huja katika makopo mawili yanayochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, na mchanganyiko huo ukishakuwa tayari una saa chache tu za kutumika. Mwenye uwezo na mwenye fundi anayejua kusafisha, auchague. Asiye na fundi huyo, rangi ya mafuta iliyopakwa vizuri itamfaa zaidi, kwa kuwa ikipata jeraha hurekebishwa kwa msasa na brashi bila ya taabu.

Mwisho, angalia bomba la chini la geti lako. Ikiwa ncha zake ziko wazi au limepasuka kwenye maungio, maji huingia na kukaa humo. Lizibwe kikamilifu kwa kuchomea, au litobolewe tundu dogo upande wa chini maji yatoke. Baada ya kazi yote, limwagie geti maji matamu mara kwa mara, hasa kusi linapovuma kutoka baharini, kwa kuwa huko Jambiani chumvi hufika mpaka kwenye mapazia.

Tangi la chuma la maji ya kunywa

*Tunalo tangi la chuma ambalo ndani limeanza kutu. Je, tunaweza kulipaka ndani rangi ya mafuta iliyobaki? Familia moja, Micheweni.*

Msifanye hivyo, ndugu zetu. Rangi ya mafuta ya kawaida haikutengenezwa kukaa ndani ya maji wala kugusana na maji ya kunywa, na mbali ya kuwa itabanduka, itaacha ndani ya maji vitu visivyofaa kunywewa. Inayoruhusiwa ni epoksi maalumu ambayo mtengenezaji ameithibitisha kwa maji ya kunywa, na hata hiyo lazima ikauke na kukomaa kikamilifu kwa siku zilizotajwa kabla ya tangi kujazwa. Zaidi ya hayo, mtu anayepaka rangi akiwa ndani ya tangi huvuta mvuke wa thina katika nafasi isiyo na hewa, na watu hupoteza fahamu na kufa kwa namna hiyo. Kwa tangi la nyumbani naona ni salama na nafuu zaidi kubadilisha na kuweka la plastiki, na lile la chuma mlitumie kwa kumwagilia.

Rangi ya kijani imebanduka juu ya bati jipya

*Niliezeka bati jipya na nikalipaka rangi ya mafuta ya kijani mara tu baada ya kuezeka. Sasa inatoka vipande vipana kama ganda la kitunguu, na bati chini yake linang'aa kana kwamba halijawahi kupakwa. Maji ya mvua tunayakinga kutoka kwenye paa hilo kwa matumizi ya nyumbani. Nifanye nini? Mama wa nyumba, Wete.*

Dada yetu wa Wete, maelezo yako yametosha kuonyesha chanzo. Bati la kawaida ni chuma kilichofunikwa kwa zinki, na rangi ya mafuta haipatani na zinki. Unyevu ukiingia, zinki hufanya kazi na mafuta ya rangi na kutengeneza utando wa sabuni kati ya rangi na bati. Pitisha kidole mgongoni mwa kipande kilichobanduka. Mara nyingi utakuta ulaini wa mafutamafuta au unga mweupe, na hakuna kutu. Bati jipya pia hutoka kiwandani likiwa na mafuta au dawa ya kulinda mng'ao wake lisiharibike njiani, na hicho nacho hukataa rangi.

Ondoa rangi yote inayokubali kuondoka. Usitumie brashi ya waya kwenye sehemu zisizo na kutu, kwa sababu zinki unayoikwangua ndiyo kinga ya kwanza ya paa lako. Tumia brashi ngumu ya plastiki, maji na sabuni ya unga, kisha suuza kwa maji mengi matamu. Baada ya hapo nyunyiza maji kidogo. Yakitandaa sawasawa, bati lipo tayari. Yakijikusanya matonematone na kukimbia, bado kuna mafuta. Bati likikauka, paka praima iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mabati yenye zinki, kisha rangi ya akriliki ya maji ya paa, mikono miwili. Penye madoa ya kutu, hasa kwenye misumari na kwenye mapindano ya bati na bati, kwangua mpaka kutu iondoke na ugusie kwanza praima ya kuzuia kutu. Kabla ya kuendelea na paa zima, jaribu kipande kimoja kisichoonekana. Rangi ikishakomaa, kichore msalaba kwa wembe, bandika utepe wa gundi, ukandamize na uuvute kwa haraka. Ukitoka bila ya rangi, endelea.

Wasomaji ambao hawajanunua bati waulize dukani uzito wa zinki, si geji peke yake. Bati lenye alama ya Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, yaani kiasi cha mikroni 20 kila upande. La Z100 lina kiasi cha mikroni 7. Katika lile daraja kali la C5 zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo bati jepesi lililoezekwa ufuoni linaweza kumaliza kinga yake ndani ya miaka miwili, na hapo kuliwahi kwa rangi si suala la mapambo.

Kuhusu maji, kwanza tenganisha mfereji na tangi kabla ya kuanza kusugua, na usiuunganishe mpaka rangi imekomaa na mvua mbili tatu za mwanzo zimeliosha paa na kumwagika nje. Chagua rangi isiyo na madini ya risasi, na usipake lami kwenye paa ambalo maji yake yananywewa. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, penye mbao chini yake.

Ukuta wa nyumba ya zamani unatoa shura

*Nyumba yetu ya urithi ipo Mji Mkongwe. Sebule ya chini tuliipaka rangi ya plastiki baada ya kuipiga lipu ya saruji, na sasa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi inavimba, lipu inamomonyoka na shura nyeupe inatoka. Tuongeze rangi gani ya kuzuia maji? Mmoja wa warithi.*

Tafadhalini msiongeze rangi ya kuzuia maji. Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na ni nene na zenye vinyweleo. Hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia usoni, na chokaa iliyopakwa juu yake tangu mwanzo iliyaruhusu maji hayo kutoka. Saruji na rangi ya plastiki huufunga uso, maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo ndani yake hujijenga nyuma ya rangi mpaka inaisukuma na kuivunja pamoja na lipu. Mkiweka kizuizi chenye nguvu zaidi, unyevu utapanda kutoka kiunoni hadi kifuani, na mkiendelea hivyo mwishowe utazifikia ncha za boriti za dari.

Anzeni kwa kutafuta maji yanakotoka, kwani mara nyingi huwa ni bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba, au karo ya jirani. Bandikeni ukutani kipande cha plastiki cha ukubwa wa kanga iliyokunjwa, kingo zake zote zizibwe kwa utepe, na mkiache usiku na mchana. Matone yakiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba tu na kinachohitajika ni kufungua madirisha. Kisha toeni rangi ya plastiki na lipu ya saruji, mwachie ukuta ukauke kwa miezi, wala si siku. Shura ifagiliwe ikiwa kavu na itolewe nje kabisa. Kwa geti nilihimiza maji. Hapa nawaomba msioshe, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurejea ndani ya ukuta.

Lipu mpya iwe ya chokaa na mchanga wa nchi kavu usio na chumvi. Juu yake pakeni chokaa iliyolowekwa majini ikaiva, ikachujwa na kuongezwa maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, na ukuta ulowanishwe kidogo kabla. Kila mkono uwe mwembamba hata uone kama haukupaka kitu. Chokaa hukolea weupe kadiri inavyokauka, kwa kuwa huvuta hewa ya ukaa na kurejea kuwa aina ya jiwe. Mikono minne au mitano myembamba hudumu, na miwili mizito hupasuka na kudondoka. Anayetaka rangi atie unga wa madini kama udongo mwekundu au wa manjano. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, basi fundi avae miwani na glavu.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi za nje za majengo, pamoja na rangi, zinahitaji kwanza ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nendeni hata kama kazi yenu ni ya ndani, kwani ushauri juu ya lipu ya chokaa utawasaidia kuchagua fundi anayeijua.

Vanishi ya mlango inapasuka

*Mlango wetu wa mbele ni wa mbao nzuri na unatazama machweo. Vanishi haimalizi mwaka bila ya kupasuka. Msomaji wa Chake Chake.*

Vanishi safi hupitisha mwanga, na jua la alasiri huivunjavunja mbao chini yake hata kama vanishi yenyewe bado ni nzima. Ndiyo maana inatoka ikiwa na nyuzi za mbao. Tumia vanishi ya nje yenye kinga ya jua na rangi kidogo ndani yake, au mafuta ya kulinda mbao ambayo hayatengenezi utando na hivyo hayana cha kupasuka, ingawa yatahitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Waunda majahazi wetu walipaka mbao za vyombo sifa ya papa kwa sababu hiyohiyo, ijapokuwa kwa mlango wa sebule harufu yake haivumiliki. Uteremshe mlango na upake pia ukingo wa juu na wa chini, kwa kuwa mbao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi visirundikwe; hujipasha joto vyenyewe na huweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Rangi ya zamani na mtoto mdogo

*Tumehamia nyumba ya zamani Miembeni. Fremu za madirisha zina tabaka nyingi za rangi, na mwanangu wa miaka miwili huzibandua na kutia mdomoni. Fundi anataka kuzisugua kwa mashine ya msasa wiki hii. Je, kuna madhara? Mzazi.*

Ndugu mzazi, msimamishe fundi kwanza, na mwondoe mtoto kwenye madirisha hayo leo. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi ziliendelea kuuzwa baada ya hapo, hivyo umri wa rangi peke yake haukupi uhakika. Mpeleke mtoto kwa daktari na umweleze waziwazi kwamba amekuwa akila maganda ya rangi.

Mashine ya msasa ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwani huigeuza rangi kuwa vumbi jepesi linaloenea nyumba nzima na kukaa juu ya magodoro na vyombo. Kuichoma rangi kwa moto nako hutoa moshi wenye sumu. Ikiwa rangi ya zamani imeshika vizuri na haibanduki, ni salama zaidi kuifunika: isuguliwe kwa msasa wa maji, polepole, ikiwa imelowa, kisha ipakwe praima na rangi mpya. Ikiwa inabanduka, sehemu hizo ziloweshwe na kukwanguliwa kwa mkono, sakafuni pakiwa pametandikwa plastiki, watoto na wajawazito wakiwa wamehamia kwengine mpaka kazi imalizike. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwani kitambaa cha kujifunga mdomoni hakitoshi, na abadilishe nguo kabla ya kurudi kwake, kwa ajili ya watoto wake.

Kwa rangi mpya, soma kopo na utafute maandishi yanayosema haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ndiyo ya kuuliza ukishuku kopo lisilo na maelezo. Ile redi oksaidi tuliyoitaja katika jibu la mwanzo wekundu wake unatokana na madini ya chuma, na si ile rangi nyekundu ya zamani ya risasi iliyotumika kwenye meli na madaraja, lakini kopo lisilo na jina la mtengenezaji haliwezi kukuthibitishia ni ipi kati ya hizo mbili.

Maganda na tope litakalobaki kwenye plastiki likunjwe humohumo na kufungwa ndani ya mfuko mzito. Maji ya kusafishia sakafu yasimwagwe kwenye bustani ya mboga wala karibu na kisima, na sakafu ipigwe deki mara mbili, kila mara kwa maji mapya na kitambaa chengine, kabla ya mtoto kurejeshwa chumbani.